Ningesimama Mara ya Pili

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni siku ya mkutano wa kijiji chetu cha Daudi, asubuhi yenye baridi na ukungu, miaka ile ya Ujamaa tulipokuwa tumehamishiwa karibu na barabara na kila mtu bado anauliza mpaka wa jirani yake uko wapi. Mume wangu akisoma hapa atanisamehe. Siku ya harusi nilikuwa na viatu vinavyobana tu. Siku ya mkutano nilikuwa na kitu ninachokitaka.

Nakuandikia haya kwa sababu najua unaalikwa kila leo kwenda kusikiliza wazungumzaji maarufu wakieleza jinsi kazi zinavyobadilika na kijana anayeanza kazi afanye nini. Nenda. Mimi mwenyewe siku hizi huitwa kwenye makongamano hayo. Napewa maji ya chupa na kipaza sauti, kisha nasema kwa uhakika mkubwa mambo ambayo njiani nilikuwa nayatilia shaka. Kwa hiyo watu hawa nawajua. Lakini kabla hujaenda, nisikilize kidogo bila kipaza sauti.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Kijiji chetu kilikuwa kimepata trekta, na trekta lilikuwa na tabia ya kuzimika katikati ya shamba. Dereva wake alikuwa Bwana Hamisi, mtu wa Tabora aliyeletwa na serikali, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma aliyoivuta hadi masikioni kwa sababu ya baridi yetu. Vijana wa kiume walipenda kuliendesha, ila kulala chini yake kwenye tope hawakutaka. Ndiyo maana Hamisi akanipokea mimi.

"Limevuta upepo kwenye dizeli," alikuwa akisema. "Binti, legeza nati hiyo. Haya, piga pampu kwa mkono. Liache liteme mapovu mpaka dizeli itoke safi. Sasa kaza."

Nilikaza, yeye akawasha, na trekta likanguruma mpaka ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Baadaye nilipata shahada, nikavaa joho na kupigwa picha. Joho halikunguruma.

"Mama yako ataniua," Hamisi alisema siku moja akilitazama gauni langu.

"Nitamwambia ni masizi ya chungu."

"Chungu gani hicho kinachonuka dizeli?"

Basi ikaja habari kwamba mashamba makubwa ya ngano kule Hanang yanataka vijana waliosoma, wafundishwe ufundi wa matrekta na mashine za kuvunia. Kila kijiji kitoe mmoja. Mgeni rasmi atakuja kueleza, na jina litapitishwa palepale mkutanoni. Usiku huo nilimwambia baba kwamba naitaka nafasi ile. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniambia, "Mkutano upo. Utauliza."

Mgeni alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu karibuni, suti ya mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni. Alizungumza vizuri, lazima nikiri. Alisema kazi ya kesho haitafanana na kazi ya jana. Alisema watoto wetu watakuja kuulizana jembe la mkono lilikuwa na kazi gani. Kila alipofika mwisho wa fungu la maneno, wazee walimwitikia kwa pamoja, sauti nzito ya kifuani, "Eeeeh." Ndivyo tunavyofanya sisi Wairaqw kwa mtu aliyesimama kusema mbele ya wazee. Mgeni wa watu hakuwa amezoea. Niliona kila akiitikiwa anaongezeka urefu.

Yalipofika maswali, nilisimama.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Ndugu mgeni rasmi, naomba kuuliza. Hiyo nafasi ya ufundi, msichana anaruhusiwa kwenda?"

Mgeni alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa ulijue hilo. "Dada yangu," alisema, "ukitoka chini ya trekta uso mzima oili, mchumba atakutambuaje? Wewe una kichwa cha kusoma. Nenda kidato cha tano, mashine waachie kaka zako."

Watu wakacheka. Wanawake walicheka, Paskali niliyesoma naye akacheka, hata Hamisi alitabasamu akitazama chini. Kisha wazee wakaitikia kwa pamoja: "Eeeeh."

Nilimtazama baba. Alikuwa amekaa mstari wa mbele na wazee wenzake, fimbo yake ameisimamisha katikati ya magoti, mikono yote miwili juu yake. Hakusema kitu. Nikakaa. Kulikuwa na kimya ambacho nilikiona kirefu mno, nikadhani wanaona aibu kwa ajili yangu. Halafu mwenyekiti akauliza kama kuna jina, mtu akamtaja Paskali, ambaye wakati huo hakujua nati inakazwa upande gani, na Paskali akapita.

Nilikwenda kidato cha tano mbali, nikaenda na chuo kikuu. Likizo nilitafuta sababu za kutorudi nyumbani, na mtu aliyesoma hakosi sababu. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu baba. Mgeni nilimsamehe mapema, kwani mgeni ni wa kupita. Ila baba alikuwa anajua ninachokitaka, na alikaa na fimbo yake.

Miaka ikaenda. Nilikuja kupita nyumbani kikazi, kwa Landrova ya ofisi, nikiwa na nia ya kunywa chai na kuondoka. Chai ikaisha, gari likakataa kuwaka. Dereva alifungua boneti akaitazama injini kama mtu anayesoma lugha ya kigeni. Nikavua koti. Nikalegeza nati, nikapiga pampu, mapovu yakatoka, dizeli ikaja safi, nikakaza. Likawaka.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mzee sasa. Alicheka, na mimi sikuwa nimekisikia kicheko chake kwa muda mrefu.

"Kumbe hukusahau."

"Nilikuwa najua, baba. Ninyi ndio mliokataa."

"Nani alikataa?"

"Wazee. Mgeni alisema, mkaitikia. Na wewe ukiwemo."

Baba alinitazama kana kwamba nimesema maji yanapanda mlima. "Mwanangu, tulimwitikia mgeni. Ametoka mbali, amesema, tumemwonyesha tumesikia. Hata angesema mwezi ni wa bati tungemwitikia. Kukubali ni jambo jingine."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri. Mtu akijibiwa, na bado anataka, husimama tena. Ndipo wazee wanajua jambo hili ni la kweli, wanaanza kulizungumza. Wewe ulikaa. Tulinyamaza makusudi tukupe nafasi. Fimbo nilikuwa nimeshaishika nisimame nyuma yako."

"Si ungesimama tu, baba?"

"Siku ile ulikuwa umesema mbele ya wazee. Ulikuwa mtu mzima. Ningekusemea, ningekurudisha utotoni mbele ya watu wote." Akaitazama ile Landrova. "Nilidhani umebadili mawazo. Nilishangaa, lakini ndivyo nilivyodhani."

Nimezaliwa pale, nimeyaona mabaraza yale tangu nikiwa mgongoni kwa mama, ila shule ilikuwa imenifundisha kwamba unanyoosha mkono, unajibiwa, unakaa. Kimya kile nilichokiona cha aibu kilikuwa mlango, na nilikaa chini mlango ukiwa wazi. Kwa ajili hiyo nilimnyima mzee wangu likizo zote zile.

Paskali alikuja kuwa fundi hodari kweli, ana gereji yake mjini Katesh. Hunitengenezea gari na kunikataza kugusa kitu. Mgeni rasmi nilikutana naye uzeeni mwake kwenye kongamano, sote tukiwa wazungumzaji. Kijiji chetu alikikumbuka vizuri, alisema tulimchinjia mbuzi mtamu sana. Swali langu hakulikumbuka, na kwa nini alikumbuke? Huenda wapo vijana ambao mimi nami nimewajibu kwa mzaha, nikanywa maji yangu ya chupa nikaondoka. Nikiwaza hilo, usingizi hukawia.

Kwa hiyo shika hili. Mzungumzaji anaijua safari yake, yako hajaiona, na atakujibu kwa kile kinachomjia mdomoni wakati gari linamsubiri nje. Msikilize kwa heshima. Watu wakimpigia makofi, jua wanamshukuru kwa kuja, usidhani wamekuhukumu wewe. Wakikucheka, cheka nao, kisha simama tena useme, "Nimekusikia, na bado nataka." Na kabla hujamkasirikia aliyenyamaza, mwulize alikuwa anangoja nini. Mwulize mapema, usingoje gari likatae kuwaka.

Nenda salama, mwanangu. Mvua ikukute umeshapanda, baridi ikukute una nguo, na kazi utakayoipata mikono yako iipende. Sauti ikikutetemeka usijali, na yangu ilitetemeka. Simama tu mara ya pili. Fimbo ya baba sasa iko kwangu, na nimeishika.