Tulivyofunga Zana Zetu Juu ya Mikoko

Spana ilinitoka mkononi asubuhi, tukiwa tumefungua nati moja tu. Iligonga ukingo wa ubao, ikapinduka, ikaingia kwenye tope kati ya mizizi ya mikoko bila hata kurusha matone. Wifi yangu alikuwa amechuchumaa mbele yangu, ameshika bolti kwa koleo. Alitazama chini, kisha akanitazama mimi.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

Tulikuwa Dabaso, kwenye njia ya mbao inayopita juu ya mikoko mpaka kwenye maji ya wazi. Njia hiyo ni ya kikundi chetu. Wageni huja kutazama ndege kwenye kibanda kilicho mwishoni mwake, na walimu huleta watoto wa shule. Mbao zilikuwa zimeoza hata tukalazimika kuifunga. Mimi ni seremala. Kazi nilifundishwa na baba yangu kule Tezo, katika karakana yake ya vitanda na milango. Kikundi kilipotafuta fundi, nikasema nitaifanya mimi. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akasema atanisaidia. Ni mtu wa maneno machache, na akishaanza jambo haliachi.

Lakini karakana ya baba ilikuwa na sakafu. Kifaa kikianguka, unainama, unakiokota. Hapa chini yetu palikuwa na tope laini kama uji, na maji yakijaa hupita juu yake kwa kasi. Jana yake ilikuwa imekwenda nyundo ya baba, ile aliyonipa nilipoolewa. Sasa spana, na hatukuwa na nyingine ya kuingia kwenye zile nati kongwe.

Wifi alikaza leso kiunoni, akashuka. Alizama mpaka mapajani, akawa anapapasa kwa mikono yote miwili, uso umegeukia pembeni.

"Panda, wifi. Maji yanakuja."

"Bado."

Alipopanda hatimaye, maji yalikuwa yamemfika kifuani. Chaza walioganda kwenye mizizi walikuwa wamemchana vidole, na hakupata kitu.

Mzee mwenyekiti wa kikundi alitukuta tumekaa mwanzoni mwa njia, wifi anajifunga kitambaa mkononi. Tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Poleni," alisema. "Kinachoingia kwenye tope lile hakirudi. Acheni kwanza, tutafute mafundi wa mjini."

"Na hao mikono yao haitelezi?" wifi aliuliza.

Mzee alicheka kidogo, lakini niliona hana hakika nasi. Nikamwambia, "Mzee, tupe nafasi. Hakitaanguka tena kitu." Sikujua nitafanyaje, ila neno lilikwisha kutoka.

Nilikwenda Kibarani kwa fundi wa magari, nikapata spana na nyundo zilizokwisha kutumika, na tyubu kuukuu za baiskeli juu yake. Barazani kwetu nilipasha msumari moto, nikatoboa mpini wa kila kifaa: nyundo, patasi, msumeno. Wifi alikata tyubu vipande vyembamba, akasokota na mshipi wa kuvulia samaki. Kila kifaa kikapata kamba yake na kitanzi chake.

Mara ya kwanza tulikosea. Nilifunga nyundo kiunoni kwa kamba ndefu. Iliponiponyoka, haikufika majini. Ilibembea kama kengele, ikampiga wifi gotini.

"Mimi nilikuwa naogopa tope," alisema akijisugua. "Sasa niogope na wewe?"

Tukafupisha kamba. Vifaa vizito tukavifunga kwenye mti wa pembeni mwa njia, ule wa kushikilia, vyepesi kwenye kifundo cha mkono. Misumari na nati tukazitia kwenye mfuko wa turubai wenye mdomo wa kukaza. Tukakubaliana pia kwamba hakuna kuweka kitu juu ya ubao, hata kwa kufumba na kufumbua. Na anayepokea kifaa avae kitanzi kwanza, ndipo mwenzake avue chake. Kazi ilikwenda polepole. Vidole vilichoka kwa kufunga na kufungua. Lakini hakikuanguka kitu.

Siku tuliyofika kwenye mkondo, mahali ambapo maji hayakauki hata yakipwa, upepo wa kusi ulikuwa mkali. Nilikuwa napiga patasi kwenye boriti mpya, wifi akaja kunishikia. Alikanyaga ubao uliokuwa ukionekana mzima. Ukavunjika chini yake, akazama ndani ya tundu, akabaki akining'inia kwa mkono mmoja.

Niliachia nyundo na patasi kwa pamoja. Nililala kifudifudi, nikamshika kwapani kwa mikono yote miwili, nikavuta mpaka nikahisi mgongo unakatika. Goti lake moja lilipofika juu ya boriti, alijisukuma mwenyewe. Tulilala pale ubavu kwa ubavu, tunahema. Chini yetu nyundo ilikuwa ikibembea kwenye kamba yake, ikigonga nguzo.

Wifi akasema, "Ungekuwa huna kamba, na ndiyo nyundo pekee, ungeiachia?"

"Ningeiachia."

"Najua. Lakini ungeitazama kwanza."

Niliinuka, nikauvuta ule ubao mbovu wote, na kila uliofuata nikaupiga kwa nyundo kabla hatujaukanyaga. Kesho yake tulikuja na kamba mbili nene za katani, safari hii za kutufunga sisi wenyewe. Tulijifunga viunoni, ncha kwenye nguzo, tukaendelea.

Ubao wa mwisho tuliupigilia msumari maji yakiwa yamejaa kabisa. Mzee mwenyekiti alitembea njia nzima, akikanyaga kwa nguvu makusudi hapa na pale, akatushika mkono mmoja baada ya mwingine, akarudi bila kusema mengi. Wifi alikaa ukingoni, miguu ikining'inia juu ya maji, akakitazama kile kibanda cha kutazamia ndege.

"Kibanda kimeinama," alisema.

"Nimekiona."

"Tuanze Jumatatu?"

Nikamwambia tuanze kesho.