Kabati Linalopumua

Mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga haoni kitu kimepauka akakiacha. Kwetu mtoto akitoka kuoga hupakwa mafuta ya nazi mpaka ang'ae. Tabia hiyo ilinitia mashakani huko Eagan, Marekani, mwaka wangu wa kwanza wa kutunza wazee majumbani mwao.

Bibi niliyemtunza alikuwa Mjapani. Alifika jimbo hilo la Minnesota akiwa mke wa askari wa Kimarekani, mimi sijazaliwa, na mumewe alikwisha kufa. Nilimwita Bibi, kwa Kiswahili hivyo hivyo, naye akawa anaitika. Chumbani mwake kulikuwa na kabati la droo mbili pana, la mti mweupe, mwepesi, waitao kiri. Baba yake alimpa alipoolewa, na ndicho kitu pekee kilichombakia cha kwao.

Siku ya kwanza nilikuta droo ya chini iko wazi, nikaisukuma, ya juu ikatoka yenyewe. Nikasukuma ya juu, ya chini ikatoka, na harufu ya kafuri ikanipiga puani. Kwetu kafuri ni ya maiti. Nilirudi kinyumenyume hadi mlangoni nikisoma kila dua niliyofunzwa madrasa. Bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. Akanieleza kuwa fundi alizibana droo zile hata hewa haina pa kupita, kwa hiyo ukifunga moja, pumzi yake huisukuma nyingine. Kafuri ilikuwa ya kufukuza nondo, maana humo ndimo alimolaza kimono zake, majoho ya kwao, kila moja ndani ya karatasi yake.

"Funga polepole," akasema. "Ukilikimbiza linakasirika."

Basi nikalipenda, na mimi nikipenda kitu situlii. Asubuhi moja ya Januari, hita imeunguruma usiku kucha na ngozi zetu zote zimekauka, nililitazama kabati lilivyopauka nikalionea huruma. Nikachota mafuta yangu ya nazi, nikaweka kiganja kwenye droo ya juu. Mti ule uliyanywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji. Nilipoondoa mkono, alama ilibaki pale, nyeusi, na vidole vyote vitano. Nikasugua kwa kitambaa chenye maji, nikazidisha.

Kazi ningepata nyingine. Kilichonikata maini ni kwamba nilikuwa nimemharibia kitu cha baba yake. Mimi mwenyewe nilikuwa na kanga za marehemu mama, nilizoletewa baada ya arobaini ambayo sikuhudhuria, nimezifungia kwenye boksi la plastiki chini ya kitanda. Mtu angezimwagia dawa ya madoa, nisingemsamehe. Nikamwendea Bibi sebuleni nikamweleza yote huku nalia.

Alikuja na mkongojo wake, akainama, akaigusa ile alama kwa kidole.

"Kwa nini?"

"Kwetu, Bibi, unachokipenda unakipaka mafuta."

Akasema kabati la kiri likichafuka hupigwa randa, likawa jipya. Nikaapa kumtafuta fundi siku ile ile.

"Usimtafute," akasema. "Mume wangu aliishi nalo miaka arobaini, hakuligusa hata siku moja. Acha mkono ukae."

Nilimshukuru siku ile, na namshukuru mpaka leo. Nilibaki naye miaka minne zaidi, na hakunikumbusha kosa lile, ila wageni wakija aliwaonyesha alama na kuwaambia ni yangu.

Alipofariki, mwanawe wa pekee alinipigia simu. Mama yake alikuwa ameagiza kabati liende kwa mwenye mkono, na kimono moja isitolewe droo ya chini.

Sasa liko chumbani kwangu, Brooklyn Park, hapa hapa Minnesota. Juu nimelaza kanga za mama, kila moja ndani ya karatasi yake. Asubuhi nikifunga droo ya mama, polepole kama nilivyofundishwa, ya Bibi hutoka kidogo. "Shikamoo, Bibi," nasema, kisha naisukuma, na ya mama inatoka. "Shikamoo, mama." Nimeshachelewa kazini mara nyingi, nikiwaamkia kwa zamu.