Gari Halimpendi Mama

Mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza kule Dodoma, mama alianza kuchambua ulezi siku ileile. Kwake yeye, uji wa mzazi ni wa ulezi, na unga wake bibi anaupeleka kwa mkono wake, haupakiwi kwenye basi kama barua. Ila mama na magari haviivi, tulijua hivyo tangu utotoni. Ikija harusi ya mbali, marehemu baba alikuwa akitikisa kichwa: "Gari halimpendi mama yenu, anatapika sana." Wakabaki nyumbani wote wawili.

Kwa hiyo tukakaa kikao sebuleni baada ya misa ya Jumapili. Kaka alitaka treni: twende Mpanda, tupande pale, mama ajinyooshe, na choo kipo. Mke wangu akasema treni itamtikisa mpaka achoke, afadhali ndege ya kutoka Mbeya, atapike mara moja yaishe. Mimi niliitetea pikapu yangu, ambayo sijawahi kumwachia mtu usukani wake. Wakanicheka. Pikapu ile ikifika hapo Laela tu inaomba maji, Dodoma ingefikaje? Likabaki basi la kupitia Tunduma na Mbeya, ambalo wote tuliliogopa kwa ajili ya mama. Mwenyewe alikuwa anapepeta ulezi wake tu.

Tukaamua kumjaribu kwanza. Ndiyo, mama mzazi, tukamfanyia majaribio kama gari lililotoka gereji. Kaka akampeleka Namanyere kwa basi, kabeba tangawizi, ndimu na mifuko ya kutosha abiria wote. Walirudi mchana, kaka amechoka, mama anatafuna karanga. Njia nzima alikuwa amewasimulia watu habari za mjukuu.

"Mama, hukutapika?" nikamuuliza.

"Kwani mimi natapika?"

"Si baba alikuwa anasema!"

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Baba yenu ndiye aliyekuwa anatapika. Mwanaume mzima, mwenyekiti wa kigango cha kanisa, ningemwachaje achekwe na watu? Tukakubaliana iwe mimi."

Tulicheka sana. Kisha nikazikumbuka harusi zote alizozikosa, hata ya dada yake wa kuzaliwa. Yeye alikuwa amesharudi kwenye ungo wake, anauliza tunaondoka lini.

Tuliondoka wiki ileile, mimi na yeye, unga mapajani kwake. Alidai kiti cha dirishani na akakipata. Mimi nilikuwa sijawahi kusafiri mbali nikiwa abiria, siku zote naendesha mwenyewe. Kabla hata ya Laela jasho jembamba likanitoka na mdomo ukajaa mate. Nikajikaza, nikakodolea macho kiti cha mbele kama mtu mwenye mawazo mazito. Mama alinitazama mara moja tu. Akachomoa mfuko kwenye mkoba wake, akaniwekea mkononi taratibu, chini chini, kama mtu aliyeizoea kazi hiyo. Halafu akanyoosha shingo.

"Konda, mwanangu!" akaita, basi zima likageuka. "Mwambie dereva asimame kidogo. Mimi gari halinipendi."