Injini Niliyoileta kutoka Nyarugusu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya miaka ya hamsini pale Shinyanga, mimi na Masanja tukilizunguka gari ambalo mji ule ulikuwa haujapata kuona mfano wake. Hata sasa sisimulii habari yake kwa raha.

Tulikuwa na gereji moja. Mimi fundi wa bodi, yeye wa injini. Mnunuzi tajiri wa pamba alitaka gari la kifahari la kumpeleka binti yake kanisani siku ya harusi. Tukachukua chasisi kuukuu, nami nikaivika bodi mpya yenye milango ya mbao za mninga na viti vya ngozi laini. Injini hatukuwa nayo. Nikaifuata Nyarugusu, kwa mtu aliyeuza injini za malori ya mgodi uliofungwa.

Niliona ufa ubavuni mwa injini ile, umezibwa kwa lehemu na kupakwa rangi. Nikaichukua hivyo hivyo, maana nyingine haikuwepo na harusi ilikaribia.

"Umeikagua?" Masanja aliniuliza.

"Nimeikagua. Ni nzima."

Alitaka kuifungua, nikamwambia tutachelewa. Akaniamini. Tulikuwa tumechunga ng'ombe pamoja tangu utotoni.

Siku ya kulijaribu tulishika njia ya Mhunze, mnunuzi ameketi nyuma. Njiani ule ufa ukaachia, injini ikachemka. Masanja akashuka, akasubiri kidogo, kisha akaanza kulegeza mfuniko wa rejeta kwa tambara. Mimi niliyejua habari ya ufa nilikuwa namsifia mnunuzi mbao zangu. Maji ya moto yakamrukia Masanja usoni. Alipiga magoti, viganja hewani, asijue aguse wapi.

"Kosa la nani hili?" mnunuzi akauliza.

Nikajibu, "Injini ni kazi ya Masanja."

Macho ya Masanja hayakupona. Baada ya miezi kadhaa nilimwendea kwao, mkewe akanipa kigoda, nikaungama habari ya ufa.

"Kuungua ningekusamehe," Masanja akasema. "Lakini yale ya 'kazi ya Masanja' uliyasema nikiwa nasikia."

Akamwomba mkewe amshike mkono, wakaingia ndani. Nilikaa pale hadi nikaona haya, nikaondoka. Hatukuzungumza tena mpaka alipofariki.

Mwanangu, kitu ukikipokea kwa mwingine ukakitia katika kazi yako, kasoro yake imekuwa yako. Kifungue ukitazame. Ukiona ufa, sema kabla mwenzako hajauinamia, hata kama kazi yote itasimama. Na lawama ikija, usiisogeze kwa aliye chini.

Mungu akupe mwenzako wa kazi mwenye kukuamini kama Masanja alivyoniamini, na akujalie usimtende nilivyomtenda.