Shali la Manyoya ya Mheshimiwa

Mtu aliyeendesha greda la kuchonga barabara miaka thelathini na mmoja hategemewi kuwa na vidole vya kushika sindano, na ukweli usemwe, huyu hakuwa navyo. Vidole vyake vilikuwa vya kukaza bolti bila spana, na mtaani walishasahau jina alilopewa na wazazi wake; wakubwa kwa wadogo walimwita Greda. Alipostaafu alikaa nyumbani wiki tatu akikagua mifereji ya majirani na kuwaeleza, bila kuulizwa, maji yatapita wapi mvua ikinyesha, hadi presha ikampanda. Daktari akampima, akatikisa kichwa, akamwambia atafute kazi nyepesi ya mikono, ya kutuliza moyo.

"Kama ipi?" Greda akauliza.

Daktari, ambaye alikuwa na foleni ndefu mlangoni, alitupa jicho kwenye sweta la nesi. "Kama kufuma," akasema.

Daktari yule hajawahi kufuma. Angekuwa amefuma hata soksi moja, angempa vidonge.

Kazi ya kwanza ya Greda ilikuwa skafu. Aliianza ikiwa na upana wa kiganja, lakini kwa kuwa kila mstari aliokota kitanzi kimoja ambacho hakikuwepo, ilipofika mwisho ilikuwa na upana wa taulo, na mkewe akaitandika mlangoni mwa bafu, ipo mpaka leo. Kofia iliyofuata haikuingia kichwa cha binadamu yeyote, wakaivisha birika, nayo ikawatunzia chai moto vizuri tu. Soksi alifuma moja. Zamu ya ile ya pili ilipofika, alikuwa ameshaona rangi nyingine dukani. Hapo ndipo alipoandika katika daftari lake la kazini, lile la kilomita na dizeli, kwamba mfumaji ana kazi za aina tatu: anayoifuma, anayoificha, na ile anayomwambia mkewe.

Uzi wa dukani nao haukumridhisha, maana mtu wa barabara hupenda kuanzia kwenye kifusi. Akaamua kusokota wake mwenyewe. Alikata mpini wa fagio, akaupachika chini gurudumu la mbao la gari la kuchezea la mjukuu, akawa na kijiti kinachozunguka hewani kama pia huku sufu ikijisokota juu yake. Kilipoanguka, na kilianguka sana, kiliangukia kidole kile kile cha mguu. Lakini aligundua kwamba kazi hii anaijua. Ukivuta sufu kwa pupa unapata mashimo, ukisitasita unapata matuta, na uzi mzuri, sawa na barabara nzuri, ni ule ambao mtu anaupita bila kuuona.

Sasa tuje kwa mama mkwe, kwa sababu bila yeye hakuna kisa. Bibi huyu alihamia kwa binti yake magoti yalipoanza kumgomea, akaja na sanduku moja, kiti chake cha kuegemea na paka. Na katika miaka ishirini na minane ya kuwa mkwe wake, Greda hakuwahi kusemeshwa naye hata mara moja. Shikamoo yake ilipokelewa, heshima haikukosekana, ila ile "marahaba" ilielekezwa ukutani. Mengine yote yalipitia kwa binti, hata kama wote watatu wamekaa meza moja.

"Mwambie mumeo apunguze redio," bibi angesema.

Na Greda, aliyekuwa umbali wa kijiko tu, angengoja mkewe ageuke na kumwambia, "Mama anasema upunguze redio," ndipo apunguze.

Kosa lilikuwa lake, hilo alilikubali. Zamani hizo, akichonga barabara inayopita mbele ya nyumba ya bibi, alimwona binti amesimama kibarazani anakausha nywele, akasahau kutazama kisu cha greda. Alipokumbuka, alikuwa ameshang'oa uzio wa waridi mita kumi na mbili, uzio uliopandwa kwa mkono na kumwagiliwa kwa kopo miaka sita. Binti alicheka, na kicheko kile ndicho kilichompatia Greda mke. Mama hakucheka.

Paka aliitwa Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa mnene, mweupe, hafanyi kazi yoyote na hapendi kuulizwa maswali. Manyoya yake marefu yalikuwa kwenye viti, kwenye mapazia, na asubuhi fulani kwenye siagi. Siku moja Greda alikuwa akiyabandua kwenye suruali yake, akayasugua vidoleni bila kufikiri, nayo yakajisokota yakawa uzi. Akauvuta. Ukakataa kukatika. Greda akakaa chini taratibu, kwa sababu moyo ulikuwa unamwenda mbio, presha au si presha.

Bibi alikuwa anakaribia kutimiza miaka themanini, na kwa miezi kadhaa alikuwa akimlalamikia binti yake kwamba mabega yanaingiwa na baridi. Greda akapanga kumfumia shali, la manyoya ya kiumbe pekee ambacho bibi yule alikipenda bila masharti. Hakutaka makuu. Alitaka siku hiyo asemeshwe. Hata kama ni asante kavu, iwe imeelekezwa usoni pake na si ukutani.

Kila siku baada ya chakula cha mchana bibi alisinzia kitini saa nzima. Saa hiyo Greda alimbeba Mheshimiwa hadi stoo na kumchana kwa brashi, kisha akazunguka nyumba kuokota yaliyobaki. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Greda, pamoja na kitambi chake, aliinama chini ya kila kitanda. Manyoya aliyafua kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akayakausha ndani ya chujio la chai, na kuhusu chujio hilo mkewe hajaambiwa hadi leo. Aliyachanganya na sufu kidogo ya kondoo ili yashikane, akasokota nyuzi mbili mbili pamoja. Mheshimiwa, ambaye awali alimhesabu Greda kama kabati jingine, alianza kumfuata chumba hadi chumba akimsugulia kichwa miguuni. Bibi alishangaa jinsi nyumba ilivyokuwa safi siku hizi, akamsifu binti yake kwa ufagio mpya.

Ilimchukua miezi minane. Wiki ya mwisho shali lilikuwa limekamilika isipokuwa mistari minne ya pindo, na bonge la uzi lililobaki lilikuwa na ukubwa wa ndimu. Hapa Greda akafanya kosa ambalo kila mfumaji amelifanya na hakuna anayelikiri: alianza kufuma haraka, ili amalize kabla uzi haujaisha. Mtu mwenye akili zake atakwambia uzi hauna habari na mwendo wako. Lakini Greda alikuwa dereva, na dereva taa ya mafuta ikiwaka hukanyaga ili afike kituoni kabla injini haijazima. Alifuma jasho likimtoka, ulimi nje. Uzi ukaisha katikati ya mstari wa tatu.

Akambeba Mheshimiwa, akamchana. Hakikutoka kitu, paka alikuwa amechanwa hadi akiba. Bibi angeamka baada ya dakika ishirini, Jumapili wajukuu wote wanakuja kwa sherehe ya miaka themanini, na mkasi ulikuwa pale pale juu ya rafu. Alijiambia atakata kidogo tu, ubavu wa kushoto, ule ambao paka huulalia. Akakata kidogo. Palionekana kashimo, akakata pembeni yake ili pasawazike. Aliyewahi kusawazisha miguu ya meza kwa msumeno anajua habari hii inaishia wapi. Alipoweka mkasi chini, Mheshimiwa alikuwa na kiwanja ubavuni cha ukubwa wa kisosi, kimechongwa vizuri kabisa, bila tuta hata moja. Na manyoya yenyewe yalikuwa mafupi mno, yakatoa uzi usiofika hata nusu mstari.

Siku za mwizi ni arobaini, lakini Greda hakupewa hata mbili. Ijumaa asubuhi paka alijinyoosha mapajani mwa bibi na kugeuka upande wa pili. Bibi hakupiga kelele. Aliweka mkono juu ya kile kiwanja, akauacha pale, na machozi yakaanza kumtoka kimya kimya.

"Ananyonyoka," alimwambia binti yake. "Ndivyo alivyoanza yule wa kabla yake. Jumapili hataiona."

Greda alikuwa amesimama na kikombe mkononi, na aibu aliyoisikia haikuwahi kumpata hata siku ya waridi. Alitaka kusema. Akaishia kutafuta funguo za gari.

Basi akaendesha gari yeye mwenyewe hadi kwa daktari wa mifugo, mkewe mbele, mama mkwe nyuma na kapu la paka mapajani. Njia nzima bibi alimwimbia Mheshimiwa wimbo wa kubembelezea watoto. Daktari, binti wa watu mwenye miwani mizito, alimgeuza paka, akapapasa, akasogeza taa, akapapasa tena.

"Mama," akasema, "huu si ugonjwa. Huu ni mkasi."

Machozi ya bibi yalikauka papo hapo, na kilichokuja baada ya hapo kilikuwa kibaya zaidi. Alirudi nyumbani amenyamaza, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Walipofika akamweka paka sebuleni ndani ya kapu lake, akachukua fimbo yake na kuelekea mlangoni.

"Ni fundi cherehani," akasema. Fundi huyo alikuwa jirani yao, mpole kama maji ya mtungi, na Mheshimiwa alikuwa na tabia ya kuota jua dirishani kwake. "Ana mikasi mitano yule. Leo atanieleza mmoja baada ya mwingine."

Greda akasimama mlangoni.

"Mwambie mumeo anipishe," mama mkwe akasema.

"Mama anasema umpishe," mkewe akasema.

"Mwambie Mama siwezi."

"Anasema hawezi."

"Muulize kwa nini."

"Kwa nini?"

"Mwambie ni mimi niliyekata."

Ujumbe huo mkewe hakuufikisha. Alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, akakaa kwenye kiti cha karibu. "Huo peleka mwenyewe," akasema.

Maji yakimwagika hayazoleki. Greda alikwenda stoo, akarudi na shali limening'inia kwenye sindano zake, pindo lina pengo upande mmoja. Akalinyoosha kwa mikono miwili mbele ya mama mkwe.

"Mama, hili ni lako la Jumapili," akasema. "Ni manyoya yake Mheshimiwa. Mengi nilimchana tu, wala hakuumia. Mkasi ulikuja mwishoni, uzi ulipoishia njiani. Nisamehe, Mama. Fundi cherehani hana kosa."

Bibi alilipokea. Alilipapasa polepole, akalipeleka puani, akafumba macho. Kwenye kapu Mheshimiwa akanusa hewa, akatoka, akapanda mapajani mwa bibi mara tu alipoketi, na akaanza kulilamba lile shali, kwa bidii, kama ajilambavyo mwenyewe kila asubuhi.

"Mtu huyu," bibi akamwambia binti yake, "alianza na uzio wangu. Akaja kwa binti yangu. Sasa amefika kwa paka wangu."

"Nimfikishie?"

"Amesikia."

Akajitanda shali mabegani. Sindano moja ilimchoma shingoni, akaisogeza. Akauambia ukuta kwamba lina joto. Kisha akageuza shingo, kidogo kidogo, akamtazama mkwewe machoni. Greda akaona kitu ambacho miaka ishirini na minane hakupata nafasi ya kukiona: macho yale yalikuwa yale yale ya mkewe.

"Imebaki mistari mingapi?" bibi akauliza.

Greda alimgeukia mkewe amjibie. Mkewe akatikisa kichwa.

"Mmoja na kidogo, Mama," Greda akasema.

"Manyoya yatatosha?"

"Hayatoshi, Mama."

Bibi akafikiri. Akamshika Mheshimiwa, akamlaza juu ya kile kiwanja chake, ubavu wa kulia ukabaki juu na manyoya yake yote, marefu, meupe, hayajaguswa.

"Jumapili wajukuu wanakuja," akasema, "siwezi kuwaonyesha paka wa upande mmoja. Lete mkasi, mkwe wangu, mimi nitamshika. Na safari hii utazame unapokata."

Greda akaleta mkasi, akapiga magoti mbele ya kiti. Nyuma yake mkewe akaanza kucheka, kicheko kile kile cha kibarazani. Greda hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye mkasi.