Mdogo Wangu Hakuwa Mfungwa

Mimi si mtu wa kushangazwa na jambo. Shule niliiachia darasa la nne, na leo nina malori mawili na bucha hapa Ngaramtoni. Nani atanifundisha nini?

Mdogo wangu Lemali alipokamatwa kwa kesi ya ng'ombe wa wizi, nilimpelekea sabuni gerezani. Wengine walivaa sare, yeye shati lake la kanisani. Askari akasema, "Mzee, huyu ni mahabusu."

"Najua, afande," nikamjibu. Sikujua. Kwangu, aliye ndani ya geti lile amefungwa, basi. Lemali akaanza habari za dhamana, nikamkatiza: "Jikaze, wewe ni mwanaume."

Nyumbani mama alikuwa kitandani, nguvu zinamwishia.

"Lemali anakuja lini nimwone?"

"Amefungwa, mama."

"Miaka mingapi?"

Mtu kama mimi hasemi hajui. "Mitatu."

Akageukia ukutani. "Basi sitamwona." Hakumtaja tena mpaka alipofariki.

Tukiwa bado kwenye matanga, Lemali akaingia na shati lilelile. Kesi ilikuwa imefutwa.

Shangazi akaruka. "Umetoroka? Si ulifungwa miaka mitatu?"

"Nani alinihukumu, shangazi? Nilikuwa nasubiri kesi tu. Kaka angekuja mahakamani kunidhamini, na barua ya mtendaji, ningemuuguza mama mwenyewe."

Wote wakanigeukia mimi, niliyekuwa nimetoka tu kuwatambia kwamba mama nimemzika kwa jeneza la mninga, la shilingi laki nane na hamsini elfu.