Swali Tulilouliza Kilosa

Tulipokwenda kukata bima ya pikapu yetu pale Kilosa, mume wangu alimuuliza wakala swali moja tu: "Trafiki wataikubali?"

Wakala akasema bima ndogo inatosha. Tukaondoka tumeridhika, kana kwamba trafiki ndiye angetulipa.

Kisha nyati akakatiza barabara kule Mikumi. Mume wangu alikatwa mguu, pikapu ikawa chuma chakavu.

Nilirudi kwa wakala kwa hasira. Akanieleza, taratibu, kwamba bima ndogo inamlipa uliyemgonga, siyo gari lako. Kwa gari lako ungechukua kubwa. Kumbe alikuwa anajua kueleza!

Shemeji yangu aliyenisindikiza alisikia yote. Mwezi uliofuata akakatia gari lake bima ndogo.

"Trafiki wanaikubali," akaniambia.